Nesi Jerusa na Siku ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Nesi Jerusa Nyamoita wa Litein, aliyetuacha wiki mbili zilizopita baada ya kuugua figo.

Miaka ishirini na sita Jerusa aliuguza watoto wachanga waliotahiriwa kwenye zahanati yake. Kila mama alimwambia yale yale: paka kidonda mafuta kila ukibadilisha nepi, na siku ya tatu urudi. Siku ya tatu, wasikilizaji. Wengi hawakurudi. Sisi Wakisii tuliohamia huku kwenye majani chai tumezoea kijana atahiriwe akiwa mkubwa, kwa nyimbo. Mtoto mchanga akitahiriwa, nyanya hununa. Basi akina mama wakawa wanaficha.

Miaka minne iliyopita Gesare alimpeleka mwanawe wa wiki moja akatahiriwe, bila kumwambia mama mkwe wake, Mongina. Akakataa mtu yeyote amwogeshe mtoto. Hata mafuta aliogopa kupaka, asionekane. Nepi ikashikana na kidonda. Siku ya sita Jerusa akamfuata shambani mwenyewe, viatu vyeupe vikijaa matope. Akamkuta anachuma majani, mtoto kafungwa mgongoni, anachemka kwa homa.

"Si nilikwambia siku ya tatu?"

"Nesi, mama ningemwambia nini?"

"Ungemwambia mtoto ni mgonjwa!"

Mtoto alilazwa siku tisa, akapona. Mongina alilia, akaahidi kusimama kliniki awaambie nyanya wenzake waache kununa. Jerusa akasubiri. "Wiki ijayo, nesi." Kila mara, wiki ijayo. Na vidonda vikaendelea kuletwa vimejaa usaha.

Mumewe, Mzee Nyang'au, anasema: "Alikuwa akifika anatupa viatu mlangoni. Nikiuliza ni nini, ananiambia, leo tena ni siku ya sita."

Ijumaa iliyopita, kaburini, Mongina alisimama, kamshika mjukuu mkono. "Huyu alitahiriwa akiwa mchanga. Mama yake alimficha kwa kuniogopa mimi, karibu tumzike. Nyanya wenzangu, tuache hiyo maneno." Watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Jerusa alikuwa ndani ya sanduku. Kutoka kwa Mongina hadi kliniki ni dakika kumi kwa miguu. Inaudhi, wasikilizaji, inaudhi sana.

Pole Mzee Nyang'au, poleni watoto na jamaa yote. Nawe nyanya unayetusikiliza, kama kuna mtoto mchanga aliyetahiriwa humo nyumbani, zima redio kidogo. Muulize mama yake, kwa upole: leo ni siku ya ngapi?