Mgongo Mlangoni pa Duka la Divai

Kijiwe cha wapagazi wa mji wa Bologna kilikuwa benchi moja barazani, mbele ya duka la divai. Siku hiyo vikombe vilijaa lakini raha haikuwepo. Mchoraji mmoja alikuwa amemzawadia mwenye duka mchoro wa wino, naye akaubandika mlangoni: mpagazi kwa nyuma, kapu mgongoni, mkono wa kushoto umekamata kiuno. Na mpagazi mwenye afya mkono wake hukaa kwenye kamba ya kapu. Mwenye kiuno kibovu chama cha wapagazi humtoa kazini, maana pipa hubebwa na wawili kwa mpiko, mti wa mabegani, na wa juu akiteleza ngazini, wa chini husagika. Gaspare, mmoja wa wapagazi hao, aliutazama mchoro. Alikubali kuchorwa kwa nyuma akidhani mgongo hauna jina.

— Huyo Tonio, alisema Kiroboto, kafupi kenye domo, mwenzake Gaspare kwenye mpiko.

— Tonio wapi! Kalio lake lisingeenea kwenye karatasi, akajibu mpagazi mzee waliyemwita Askofu kwa kupenda kuhubiri. — Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiki kiuno, Askofu, si guu!

— Kwani guu linaanzia wapi?

— Mie nawaambia, akasema Kiroboto, wenye punda wamemtuma huyo mchoraji. Atuchore vilema, wao wachukue kazi.

— Acha hizo, akasema Askofu. Huyo maiti. Wachoraji hufukua watu usiku, wakawasimamisha kwa kamba.

— Maiti anashika kiuno kwa maumivu gani, we mzee? Gaspare, mbona kimya? Umemeza kufuli?

— Nasikiliza, ndugu yangu. Labda mchoraji kabuni tu.

— Abuni! Mpaka kiraka cha suruali kakichora, na viraka sote tunavyo! Kiroboto akasimama. — Nikimjua, chama kitamkuta nimeshammaliza. Nina watoto mie! Vueni mashati wote, tuone migongo!

Askofu akaanza kufungua vifungo. Gaspare aligandia benchi.

Hapo akafika Orsola, mke wa Kiroboto, na mkate wa mumewe. Mchoro hata hakuutupia jicho.

— Kelele zenu zinafika sokoni. Hebu niambieni, kesho mnashusha mapipa ya watawa. Mume wangu akiwa chini, juu nani?

Swali jepesi. Kiroboto akamgeukia Gaspare, akamwona uso. Akautazama tena mchoro mlangoni.

— Nauliza, juu nani?

Gaspare alitaka kusema “mimi, shemeji,” kama alivyosema miaka yote. Badala yake mkono wake wa kushoto ukaenda kiunoni.