Neno la Nyumbani: Maisha ya Kocha wa Mabinti

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Kocha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi viatu na mshona nguo. Nyumba yao ilipakana na ya shangazi yao. Baba alipowaka, Kocha alimshika mkono mdogo wake wa pekee, wakaruka ukuta, wakaingia kwa shangazi mpaka mambo yatulie.

Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1977. Huko ndiko alikoushika mpira wa kikapu. Mikono ilikubali, magoti yakakataa.

Mwaka 1980 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, akastaafu 2018. Jioni alifundisha timu ya mabinti kwenye uwanja wa saruji nyuma ya karakana ya idara. Makocha wengine walifundisha kufunga. Yeye alifundisha kuchomoka. Wapinzani wakikubana uwanja mzima, tangu chini ya goli lako, usikimbie na mpira: inua macho, umtafute mwenzako wa katikati. Huyo wa katikati alimpa jina la Shangazi. Aliyebanwa akiita “Shangazi”, mwenzake huchomoka kuja katikati, na mpira humfuata.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Sebuleni viti vilipangwa kama wapinzani. Siku moja mkewe alipenya katikati ya viti hivyo na sinia la chai bila kumwaga tone.

“Mama watoto,” akamwambia, “Jumamosi unaanza.”

Yule mdogo wake Kocha alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na sita. Wiki ya fainali ya mwaka 2009 hakuonekana mazoezini. Alisema ana homa, na Kocha akampelekea machungwa. Siku ya fainali, tarehe 15 Agosti, mdogo wake alikuwa kwenye benchi la wapinzani. Binti mkubwa wa Kocha ndiye aliyeupandisha mpira. Kila alipoita “Shangazi”, wapinzani wawili walikuwa wameshafika katikati. Mwishowe akaacha kuita, akacheza huku analia. Walifungwa 58 kwa 31.

Walipofika mlangoni kwake, Kocha alisimama. “Angeomba,” alimwambia mkewe, “ningempa daftari zima la mbinu.”

Alifundisha miaka tisa zaidi, bila lile neno. Mabinti waliinua ngumi tu. Yeye na mdogo wake walisalimiana harusini na misibani, basi.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022. Alipolazwa mara ya mwisho, mdogo wake alikuja, akakaa kwenye kiti cha wageni, akajieleza: alitaka timu yake mwenyewe, alichoka kuitwa mdogo wa Kocha. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho.

“Timu ni haki yako. Lakini lile neno lilikuwa la nyumbani. Si tuliruka ukuta pamoja?”



Kocha alifariki siku nne baadaye, Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mabinti wa uwanjani wasio na idadi, na mdogo wake, ambaye Kocha aliagiza asiachwe kutajwa. Tumemtaja.

Apumzike kwa amani Kocha wetu, mahali asipobanwa na mtu.