Chini ya Kitambaa cha Kijani

Jumamosi asubuhi, manesi wa zamu ya usiku wanapotoka hospitalini Westmead, jijini Sydney, macho mekundu, benchi la mbele ya duka la Verdiane huanza kujaa. Ni benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, uliowekewa kipande cha kigae, na anayekaa upande ule hujifunza kucheka bila kutikisika. Verdiane anauza unga, dagaa na mawese. Kahawa ya tangawizi anayo kwenye chupa moja kubwa, na chupa ikiisha hachemshi nyingine hata uje na barua ya waziri. Wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni Mugambi, nesi wa wodi ya wazee. Wanamwita Keya, kwa sababu babu yake alikuwa Keya, askari wa Mwingereza kule Burma, na yeye hukusanya bunduki za enzi zile, zilizozibwa kisheria zisifyatue tena. Laiseni anayo, na huionyesha bila kuombwa. Wa pili ni mzee Fidèle, seremala wa Bukavu ambaye siku hizi anapanga maboksi ghalani. Huyo ni Papa Randa. Wa tatu ni Kariuki, dereva wa vifurushi, aliyepewa jina la Kamera kwa kuwa huona kamera hata msikitini na kanisani. Jumamosi hiyo Mugambi alikuja ameshajiapiza kwamba kwenye maonyesho ya bunduki ya kesho yake, kule Penrith, haendi wala hataki kuulizwa. Bahati mbaya, lile benchi kazi yake ni kuuliza.

— Kesho unanipitia saa ngapi? akasema Fidèle, hata hajaketi.

— Sikupitii.

— Saa mbili?

— Mzee, siendi. Maonyesho yamekufa.

— Yamekufa lini? akadakia Verdiane kutoka mlangoni. Mbona hatukuitwa matangani?

Fidèle akaketi polepole, akiliwahi goti lake kwa mkono. Gari hana. Ukumbi wenyewe uko mbali na stesheni, na Jumapili basi la kufika huko ni la kubahatisha. Mugambi asipokwenda, na yeye haendi. Mugambi alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akiitazama kahawa yake badala ya kumtazama mzee.

— Kila kitu siku hizi ni onlaini, Mugambi akasema. Nakaa kwangu na soksi zangu, nafungua simu. Naona bunduki iko Adelaide, iko Perth, na picha ishirini, na namba yake, na kiwanda chake. Kwenye maonyesho nalipa kiingilio nikaone nini? Wazee wale wale, kofia za chuma zile zile, kutu ile ile.

— Kwa simu unaweza kugonga mbao? Fidèle akauliza.

— Kugonga?

— Kugonga na kidole. Mbao yenye ufa inasema. Picha haisemi kitu.

— Achaneni na mbao, akaingilia Kariuki, akishusha sauti. Keya amefanya vizuri. Mlangoni pale kuna kamera. Ukiingia mara tatu, unawekwa kwa faili.

— Faili gani? akauliza Verdiane.

— Faili tu, mama! Ukiona faili ina jina, jua hiyo si ya maana.

— Mimi nilisikia wanaouza ni polisi wote, akasema Verdiane. Muuzaji wa kweli ni mmoja, na yeye shemeji yake ni polisi.

— Hiyo ni kidogo! Kariuki akasimama, benchi likayumba. Zile bunduki zenyewe ni plastiki. Za ukweli waliziyeyusha kitambo, wakatengeneza reli. Hii treni ya Penrith, mnadhani inapiga kelele hivyo kwa nini?

— Kumbe kila siku niko napanda bunduki kwenda kazi, akasema Fidèle. Na tiketi nalipa!

Wakacheka wote. Mugambi alicheka kuliko wenzake, akidhani mazungumzo yamepita njia nyingine. Hayakupita.

— Na wewe Papa Randa, Kariuki akageuka. Laiseni huna, bunduki hununui, na kwenu ndizo mlizozikimbia. Kila mwaka unafuata nini huko?

— Vitako.

Kariuki akapaliwa na kahawa. Verdiane akajishika mdomo.

— Papa! Na umri huo!

— Vya bunduki! Fidèle akanguruma. Ile mbao ya nyuma, ya kuweka kwa bega. Zile zimepasuka wanazitupa ndani ya sanduku, chini ya meza. Laiseni hawaombi. Ni mbao tu.

— Na ukishanunua? akauliza Kariuki.

— Natengeneza miiko.

Verdiane akageuza shingo kuangalia dukani, ambako juu ya mifuko ya unga ilining'inia miiko saba ya mbao nyeusi inayong'aa. Nusu ya wake wa Westmead walikuwa nayo jikoni. Mke wa Kariuki alinunua miwili.

— Papa Fidèle, mimi nawaambia wateja ni mti wa Kongo!

— Nilikuambia ni mti mzuri. Kongo, ni wewe uliongeza.

— Ngoja, ngoja. Kariuki alikuwa ameshika tumbo. Mimi nimekula ugali wa bunduki mwaka mzima?

— Na umenenepa.

— Na yale mafuta ya bunduki je?

— Naparura, napiga randa mpaka mbao safi inatoka. Usilie, Kamera. Kama ungekufa, ungekuwa umeshakufa.

Mugambi peke yake hakucheka. Mkusanyaji ni mkusanyaji, na roho ilimuuma kweli.

— Mzee, unakata kitako cha miaka mia moja? Mbao ya mti wa mjozi, ile ya zamani? Kuna watu wangelia machozi.

— Walie. Fidèle akaweka kikombe chini. Bukavu wenye bunduki walikuja kwa atelie yangu ya useremala na vitako vilivyovunjika. Wakasema, tengeneza. Hawakuuliza kama nataka. Miaka miwili nilitengeneza, kila siku naogopa. Mugambi, hapa naingia kwa mlango mkubwa. Nalipa kama wengine. Bunduki zimelala mezani, mimi nimesimama. Nachagua ile ninataka kukata. Hakuna mtu ananiamrisha! Hiyo simu yako itanipa?

Mugambi aliona haya. Haya zenyewe hazikutokana na maneno ya mzee, zilitokana na uongo wake mwenyewe, aliokuwa ameulea mwaka mzima kama kuku wa kufugwa. Alitaka kusema tena habari za kiingilio na picha ishirini, akaziacha.

— Mwaka jana ulikuwa unaumwa goti, akasema. Nilikwenda peke yangu.

— Najua.

— Karibu na mahali wanapochoma soseji kulikuwa na meza ya mwisho. Nikaona kwa mbali kitu kirefu, cheusi. Nikasema nikaangalie. Nilipobakisha hatua mbili, mwenye meza, bwana mmoja mzungu, akachukua kitambaa cha kijani, akafunika meza. Yote. Hakunitukana, hakusema neno. Nikapita. Halafu nikasikia nyuma yangu kitambaa kinafunuliwa.

— Ukamwambia nini? Kariuki akauliza.

— Nikaenda nikakaa kwenye gari. Nilikuwa na laiseni mfukoni, na katalogi, na picha ya babu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu maonyesho yamekufa.

Kariuki akavua kofia, akaivaa tena.

— Pole, Keya. Labda alikuwa anakinga vumbi.

— Vumbi gani hilo linalochagua mtu? Verdiane akafoka, na sauti yake ikawageuza hata wapita njia. Onlaini, onlaini! Kumbe umejificha!

— Nimejificha, Mugambi akakiri. Kwenye simu hakuna anayeniona nikija.

— Miye ningesimama pale, akasema Fidèle.

— Ungesimama mpaka lini?

— Mpaka njaa imuume. Jumapili sina haraka.

Kando ya mlango alikuwa amesimama Jepchumba, mwanafunzi wa unesi, aliyefika Sydney wiki tatu zilizopita na kuja kununua unga. Ndiye aliyemiminiwa kahawa ya mwisho, na alikuwa akisikiliza bila hata kuinywa.

— Samahani wazee, akasema. Chini ya hicho kitambaa kulikuwa na nini?

Mugambi akafungua mdomo. Yeye ndiye mtu wa kuulizwa pale. Kiwanda, mwaka, namba, vita gani, kikosi gani; usiku au mchana, hakuwahi kukosa la kusema. Sasa alitafuta kichwani, akapata kitambaa tu.

— Sijui, akasema.

Wakamtazama Kariuki. Aliyekuwa na maelezo ya reli na ya faili isiyo na jina, safari hii naye alikiri hajui. Verdiane akaitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka mzima Mugambi alikuwa amebeba sura ya yule bwana, na mkono wake, na sauti ya kitambaa. Ile meza yenyewe alikuwa ameisahau. Kitu kirefu, cheusi. Huenda kilikuwa takataka. Huenda ndicho kile kile alichobeba babu. Akajisikia hasira, lakini hasira nzuri sasa, ile ya mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajaonja.

— Saa mbili kamili, Papa Randa, akasema akiinuka. Tunaanzia meza ya mwisho.

— Na akifunika?

— Tunasimama pale pale. Nitamwomba kwa adabu afunue. Akikataa, tunaendelea kusimama.

— Goti langu halikubali kusimama sana. Nitabeba vigoda. Viwili.

— Vitatu, akasema Kariuki. Na hiyo kamera ya mlangoni nitaitolea macho mpaka ikome.

Fidèle akamgeukia Jepchumba, ambaye bado alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

— Na wewe, binti?

— Mimi ndiye niliyeuliza, Jepchumba akasema. Beba vinne.