Jalada la Kijani la Mheshimiwa

Ndugu waombolezaji, waheshimiwa mliotoka bungeni na mahakamani, majirani na wanaukoo wote, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yangu mkubwa, na mjane wake, Mama Mkubwa, aliyeketi hapa mbele, ameyapitia maandishi haya mara mbili, hakufuta hata neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, katika kota za reli, chumba cha pili kutoka bombani, mtoto wa kwanza wa fundi wa breki na mshona nguo, na tarehe 30 Juni 1955 akazaliwa mdogo wake wa pekee, ambaye ndiye baba yangu, yule pale safu ya tatu, mwenye koti la kahawia.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akimbeba mdogo wake mgongoni siku za matope, akaingia sekondari mwaka 1965, akahitimu shahada ya sheria tarehe 18 Novemba 1972, na nimpe haki yake, alikuwa na akili kali na sauti ya kunyamazisha ukumbi.

Aliapishwa kuwa wakili tarehe 4 Mei 1974, akafungua ofisi juu ya duka la miwani, na tarehe 21 Desemba 1976 akafunga ndoa na Mama Mkubwa, aliyekuwa mwalimu, wakajaliwa watoto watatu, wote wako ng'ambo na wanatufuatilia kwa simu.

Umahiri wake haukuwa wa kushinda kesi, ulikuwa wa kuzichosha, leo shahidi anaumwa, kesho nakala haisomeki, keshokutwa wakili mwenyewe ana safari, mpaka makarani wakampachika jina la Tarehe Nyingine, naye akilisikia hucheka na kusema, "Mwacheni mtu achoke mwenyewe, mimi simsukumi."

Mwaka 1999 baba yangu alikuwa karani wa masjala ya mahakama, na katika rafu zake lilikuwamo jalada la kijani la wajane saba, ambao waume zao waliuawa na boila iliyolipuka kiwandani, na mwenye kiwanda hicho ndiye aliyekuwa akimwandalia marehemu kampeni yake ya kwanza ya ubunge.

Tarehe 11 Machi mwaka huo, saa tisa alasiri, marehemu alipita masjala akasema, "Mdogo wangu, nipe hilo nilitupie jicho, kesho asubuhi liko mezani kwako," na baba akasogeza daftari la kutolea majalada ili kaka yake atie saini, kisha akalirudisha upande wake, kwa sababu aliona haya kumdai saini mtu aliyembeba mgongoni.

Jalada halikurudi, marehemu alisema alikwisha kulirudisha, kesi ya wajane ikafutwa kwa kukosa vielelezo, na tarehe 2 Agosti 1999 baba akashtakiwa kwa kulipoteza, naye marehemu akajitolea kumtetea, nasi nyumbani tukamwombea baraka.

Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2000, naibu waziri mwaka 2005, waziri wa sheria mwaka 2010, naibu spika mwaka 2015, na katika miaka hiyo yote kijana mmoja au mwingine wa ofisi yake alisimama mbele ya hakimu akaomba tarehe nyingine, mara sitini na moja, huku baba, aliyefukuzwa kazi, akishona miavuli ya watu kibarazani, na kila akiuliza akiambiwa, "Vumilia, nikiisukuma sasa watakufunga."

Marehemu alianza kuugua figo Aprili 2017, akafariki Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Jumapili, tulipokuwa tukitafuta vyeti vyake ili tarehe za historia hii ziwe sahihi, Mama Mkubwa alifungua kabati la chuma la chumba chake cha kusomea, na chini ya vyeti tukalikuta jalada la kijani, muhuri wa masjala ukisomeka vizuri, akaniwekea mapajani akasema, "Andika na hili, mwanangu, kabati hili nimelipangusa nje tu miaka ishirini."

Baba alipoonyeshwa hakulia wala hakutukana, aliuliza tu kama kuna karatasi iliyochanwa, na hakuna, zote zipo, ninalo hapa mkononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuahirisha hata siku moja, majirani mliotupatia viti na maji, na wenzake wa ofisini, ambao juzi wamekwisha kuiandikia mahakama kuomba ahirisho la sitini na mbili, kwa sababu ya msiba huu.

Baba hataki ahirisho hilo, kesi yake inatajwa Jumatatu, tarehe 16 Septemba, saa tatu asubuhi, chumba namba nne, na kati ya mawakili wote mliovaa suti nyeusi leo anahitaji mmoja tu, wa kusimama naye na jalada hili, atakayekuwa tayari amfuate pale safu ya tatu, na wajane waliobaki, ambao ni wanne, watakuwa kwenye benchi la nyuma.

Baba Mkubwa, wewe pumzika kwa amani, Jumatatu hutahitajika.