Telesphor Makarius, Fundi wa Maabara Aliyetamani Chumvi ya Mama Yake

Huyu tunayemlaza leo hapa Kasokola alizaliwa Usevya, Mpimbwe, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Makarius na Mama Theopista. Mama yake alikuwa akichoma maganda ya maharage, anayachuja majivu kwa maji, kisha anachemsha mpaka chumvi inabaki chini ya chungu. Mboga iliyoungwa kwa chumvi hiyo Telesphor hakuisahau maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, kisha akajifunza kazi ya maabara. Kuanzia 1984 mpaka alipostaafu 2021 alikuwa fundi wa maabara katika sekondari moja mjini Mpanda. Waliosoma pale wanaukumbuka moyo wa chura uliodunda peke yake kwenye maji ya chumvi. Akidondosha kalsiamu, unabana kwa nguvu. Akidondosha potasiamu, unalegea na kusimama. Akiusuuza kwa maji mapya unaanza tena, na darasa zima linapiga makofi. Aliwaeleza kwamba moyo unaendeshwa na umeme, na umeme huo unategemea chumvi hizo ziwe kwa kipimo chake. Wakambatiza Bwana Chura, na hata sokoni aliitikia.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Eufrazia wa Ikola, ambaye posa ilimkuta akianika dagaa.

Mwaka 2023 presha na figo vilimwangusha, akakatazwa chumvi. Alitii, lakini chakula hakikupita. Alisukuma sahani na kumtaja mama yake, aliyefariki 1999, mpaka Eufrazia akawa analia jikoni. Mwezi Mei 2025 akamwomba mkewe chumvi ya majivu, akidai ile si ya dukani. Eufrazia akamwonea huruma, akachoma, akachuja, akachemsha. Kwa wiki tatu mzee alimaliza sahani, na nyumba yetu ya Majengo ikachangamka.

Jumatatu tarehe 9 Juni miguu ilimwishia nguvu. Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi yaliyochongoka. Potasiamu, ambayo ni nyingi kwenye majivu, ilikuwa imejaa mwilini kwa kuwa figo hazikuweza kuitoa. Wakamtundikia kalsiamu kuulinda moyo, wakapambana siku mbili. Eufrazia alipoelezwa, alikaa sakafuni asiweze kuinuka. Mumewe akamwita.

“Mama Denis, hilo somo nimelifundisha miaka thelathini na saba. Nilijua, nikajifanya nimesahau. Nilikuwa na hamu tu. Mwambie Denis awasomee watu maneno haya siku ya kunizika, mtu asije akakunyooshea kidole.”

Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Eufrazia, ambaye mpaka jana alipakua sahani mbili. Watoto watatu, Denis, Jeniffer na Capitoline. Na wajukuu sita. Tuna hamu naye, na hamu hiyo haitaisha.

Tumewasomea, Baba, kama ulivyoagiza. Sasa pumzika kwa amani.