Mama Saa Kumi Anaondoka Msimu wa Mabibo

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Bi. Salome Chilumba, Afisa Biashara Mwandamizi wa halmashauri yetu, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka thelathini na minne. Wengi wenu mnamfahamu kama Mama Anderson, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wenye baa, grosari na vilabu vya pombe, kuanzia mjini Masasi mpaka huku juu Newala, wanamfahamu kama Mama Saa Kumi, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Faidha, niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka tisa, niandike wasifu wake. Wameniambia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nawaonya mapema kwamba uchangamfu wenyewe leo ni wa kukopa.

Mama Anderson alizaliwa Chiwata, katika familia ya wakulima wa korosho. Baba yake, kama anavyosimulia mwenyewe bila haya, alikuwa mtu mwema sana mpaka saa tatu asubuhi. Ikifika saa nne alikuwa ameshaketi kilabuni, na shamba likabaki la mama na watoto. Mikorosho ililiwa na ugonjwa wa ubwiri unga kwa kukosa mtu wa kupuliza salfa kwa wakati, na kila mwaka walivuna kidogo kuliko jirani. Alipoajiriwa kuwa karani wa leseni Masasi, akakuta imeandikwa kwamba siku za kazi pombe haiuzwi kabla ya saa kumi jioni. Anasema alihisi aliyeitunga sheria hiyo alimjua baba yake.

Kuanzia hapo, hata alipohamishiwa huku Newala, jamani, hakuna aliyepumua. Kuna mwenye baa mmoja jirani na stendi ya Masasi aliyejiona mjanja, akawa anauza bia asubuhi ndani ya chupa za chai. Wateja wanakaa na vikombe vyao, mtu akipita anaona watu wazima wanakunywa chai kwa adabu. Mama Anderson aliingia, akaketi, akaagiza chai na chapati. Alipomimina likapanda povu. Hakupaza sauti. Alimuuliza mwenye baa siku hizi majani ya chai ananunua wapi, akamaliza chapati yake, akalipa, kisha akaifunga baa.

Ndugu zake nao hawakupona. Binti yake Happiness aliolewa siku ya Jumamosi, na maharusi wakatoka kanisani saa sita mchana. Wakwe walikuja na kreti za bia wamezipanga vizuri chini ya turubai. Siku za mapumziko sheria inaruhusu kuanzia saa nane. Basi mama wa bibi harusi, akiwa na gauni lake la kitenge na kilemba, alivuta kiti akakikalia mbele ya kreti zile mpaka saa nane ilipotimia. Joto la Masasi mnalijua, majabali yanarudisha jua kama jiko. Wakwe wa watu walikunywa soda mpaka zikaisha. Happiness alimnunia mama yake mwaka mzima, na mpaka leo mkwe mwenzake akimwona huanza kwa kuangalia saa.

Tunacheka, lakini kazi ile ilionekana. Vilabu vilivyokuwa vimegusana na shule vilihamishwa. Kuna mama mmoja wa Kitangari aliyenisimamisha njiani na ndoo yake ya maji kichwani, akaniambia nimfikishie salamu, kwamba mume wake siku hizi anakutwa shambani hata na mgeni. Wanawake wa aina yake ni wengi kuliko ninavyoweza kuwataja, na kwa hao Mama Anderson hana deni. Ningependa sana kuishia hapa. Mwenyewe ndiye aliyekataa. Aliponisikia naandika, aliniambia kama sitaandika habari ya uraka, basi nisiandike kabisa.

Kwa mgeni asiyejua mambo ya kwetu, uraka ni pombe ya mabibo, lile tunda laini linaloning'inia juu ya korosho. Msimu ukifika mabibo huanguka kwa wingi, na wanawake huyakamua jioni. Kesho yake mchana uraka unakuwa mtamu, mwepesi, wa kumchangamsha mtu akanyoosha mgongo na kurudi shambani. Jua likiinama umekwisha kuwa mchachu, hata mlevi anaukunjia uso. Mimi pombe sijawahi kuionja maishani mwangu, lakini hata mimi kwa harufu tu nakuambia huu ni wa mchana na huu umekufa. Mabibo hayajui kusubiri.

Kwa sababu hiyo, maafisa waliotangulia walikuwa na desturi yao. Msimu wa mabibo ukiingia, ofisi ilifumba jicho. Hapakuwa na tangazo wala barua, ila wauza uraka walijua kwamba miezi ile hawataguswa mchana, nao kwa upande wao walikaa mbali na shule na hawakuuza pombe nyingine. Mama Anderson alipopewa ukuu wa kitengo chetu, miaka saba iliyopita, aliifuta desturi hiyo. Wanawake wa kijiji cha Mnalemba walimwita kwenye mkutano wakamsihi. Aliyewasemea alikuwa Paulina, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mtu aliyelia naye kwenye misiba. Paulina alimkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa Chiwata, amelelewa chini ya mikorosho, na hakuna haja ya kumfundisha uraka. Mama Anderson alijibu kwamba sheria haina msimu, akafunga mkutano.

Alijua. Hilo ndilo linalomla. Angekuwa afisa aliyeletwa kutoka mbali tungesema hakufahamu. Lakini alijua kila kitu, na akilini mwake alikuwa anamwona baba yake tu.

Wiki ya kwanza wanawake walimwaga uraka wao chini. Wiki ya pili alitokea mtu mwenye pipa na bomba, akawaambia msimwage, nipeni mimi huo mchachu. Akaanza kupika nipa. Nipa ni gongo letu la mabibo, kali, haramu siku zote na saa zote, na wala haihitaji mchana, maana hufichwa ndani ya nyumba na hukaa miezi. Kabla ya hapo Mnalemba haikuwa na nipa ya kusemwa. Msimu ule ikawa nayo kila uchochoro, na yule mtu, ili iongezeke, akaichanganya na kitu ambacho mpaka leo hakijajulikana. Alipokuja kutafutwa alikuwa ameshavuka mpaka zamani.

Mume wa Paulina, Bwana Fikirini, hakuwa mlevi. Alikuwa fundi wa kubebesha miche ya mikorosho, yaani kuunga kikonyo cha mti mzuri kwenye mche, kazi ya kisu kidogo na jicho kali, na vijiji vizima vilimfuata. Mazoea yake yalikuwa kata moja ya uraka mchana, chakula, usingizi mfupi, halafu anarudi kwenye miche yake. Uraka wa mchana ulipotoweka, rafiki zake wakampa nipa. Alikunywa kidogo tu, kama alivyozoea kila kitu. Aliamka anauliza kwa nini hakukuchi, na jua lilikuwa limeshatoka. Hospitali ilifanya ilichoweza. Macho hayakurudi.

Habari ilipotufikia, Mama Anderson aliinuka kitini akatoka bila mkoba. Alipanda bodaboda mpaka Mnalemba, akakaa chini kwenye mkeka wa Paulina, akalia. Alisema bila kuzunguka kwamba yeye ndiye aliyekosea, si sheria, si Serikali. Kwa adabu ya kwetu juu, mgeni hanyimwi maji hata kama yamepandishwa kwa kichwa kutoka bondeni, na Paulina alimpa maji akanywa. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa: “Mama Anderson, machozi yako sina pa kuyaweka. Nenda kabadilishe hiyo sheria yenu.”

Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine kichwani. Nyinyi mliomwona anatembea na jalada lake la kijani mkadhani ni mambo ya leseni, basi ni hilo. Alichotaka ni kidogo: msimu wa mabibo, uraka uruhusiwe kuuzwa kuanzia saa sita mchana, katika maeneo yaliyotengwa, mbali na shule, na anayekutwa na pipa la kupikia nipa afutiwe ruhusa papo hapo. Alikwenda kila kijiji akakaa na wanawake. Alikaa na mashehe na wachungaji. Shehe mmoja alimwambia kwamba yeye hawezi kubariki pombe, lakini kipofu mmoja anamtosha, hataki wa pili. Kwa kauli hiyo Mama Anderson alifurahi kama aliyepewa cheo.

Halafu yakaja mambo ya ofisi, na hapa mnisamehe, hasira yangu ni ya dhati. Mara ya kwanza pendekezo lilirudi kwa maelezo kwamba sheria ndogo haiwezi kumpanda mama yake kichwani. Haya, tukakubali, akaliandika upya kama kibali cha msimu. Mara ya pili kikao hakikutimiza akidi, wajumbe walikuwa kwenye minada ya korosho. Mara ya tatu lilisogezwa nyuma ya ajenda ya ukarabati wa ukumbi, na muda ukaisha wajumbe wakijadili rangi ya mapazia. Mapazia, jamani! Baadaye yakaingia ya uchaguzi, na kila mtu akasema tusubiri watakaokuja. Wanaosema tusubiri hawajawahi kukamua mabibo.

Kila pendekezo liliporudi, Mama Anderson alikwenda Mnalemba mwenyewe kumweleza Paulina. Nilimwambia mara nyingi atume ujumbe wa simu. Alikataa, akasema habari ya namna hiyo hupelekwa kwa uso. Alikuwa akirudi amechoka, anavua viatu, anaandika pendekezo upya. Nipa haikuisha. Na saa kumi, kwa kadiri ilivyo sheria, aliendelea kuisimamia vilevile kwenye baa na vilabu vingine vyote, maana hakuacha kuiamini. Alisema tatizo halikuwa kufunga mlango, ni kuufunga bila kutazama nani yuko nyuma yake.

Sasa muda wake umeisha, na jalada la kijani limehamia mezani kwangu. Anaondoka wakati mabibo ya kwanza yanaanguka, na ruhusa haipo. Nasikitika kuliandika hili kwenye karatasi ya sherehe, lakini ndivyo lilivyo. Alitaka kitu kimoja kabla ya kustaafu, nasi kama halmashauri hatukumpa.

Jumatatu iliyopita, mchana, Paulina alikuja ofisini akiwa amemshika mume wake mkono. Hawakuwahi kufika hapa hata siku moja. Tulidhani wamekuja kumuaga Mama Anderson, tukakimbilia viti. Paulina alikataa kuketi. Alisema hakuja kumuaga mtu, amekuja kutuona sisi tunaobaki, atujue. Na kwa kuwa mume wake haoni, aliomba kila mmoja ataje jina lake kwa sauti, ili naye atujue.

Tukataja. Mujibu wa masjala alitaja. Nathanaeli wa afya alitaja. Nilitaja langu, na Bwana Fikirini akaniomba nirudie. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali ambapo hatakipoteza. Mama Anderson alikuwa amesimama mlangoni. Zamu ilipofika kwake naye akaanza kutaja jina, kama mfanyakazi mgeni, na Bwana Fikirini akamkatiza kwa mkono. “Wewe nakujua. Umekuja kwangu mara nyingi. Nenda kapumzike, Mama Anderson.”

Nilimwona akishika fremu ya mlango. Paulina akampa mkono, akamchukua mume wake wakaondoka. Hapakuwa na zaidi.

Mama Anderson, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka yako, kwa ukali wako uliookoa nyumba nyingi, na kwa kutokuficha nyumba moja uliyoiumiza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, wajukuu wasiokuchosha, na amani kwenye mikorosho yako kule Chiwata. Nenda salama, dada yetu, ukaishi vyema. Sisi tumebaki, na Mnalemba wanatujua mmoja mmoja.