Barua Arobaini kwa Mkupuo Mmoja

Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya kibanda cha fundi viatu, tunayemwita Profesa. Asubuhi ile nilifika na mwanangu mgongoni, nikakuta wenzangu wameshanisogezea nafasi kivulini. Nikawaeleza, machozi yakiwa karibu. Mwenye chumba cha chekechea yetu anataka kukigeuza ghala, labda wazazi ishirini wamwandikie kabla ya saa sita mchana kwamba watoto wanabaki. Nimewaandikia wazazi arobaini barua pepe kwa mkupuo mmoja. Imerudi: “Imezuiwa. Inashukiwa kuwa barua taka.” Na mimi nimefungiwa kutuma mpaka kesho.

— Taka? Watoto wetu taka? Profesa akaangusha nyundo.

— Tulia, mzee, akasema Waya, fundi redio. Kampuni ya intaneti imeweka chujio. Matapeli hutuma barua elfu kwa pigo moja, basi kila anayetuma nyingi anaonekana tapeli.

— Mama Sindano tapeli? Profesa akaninyooshea kidole mimi, fundi cherehani wa mtaa. Huyu aliyenirudishia mwavuli na kiraka kipya juu?

— Chujio halijui miavuli. Lina pua tu. Limenusa haraka yake.

— Pua wapi! akadakia muuza kahawa. Kuna mtu kafungiwa chumbani, anasoma barua za dunia nzima, na hajanywa chai.

— Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Profesa, samaki kaingiaje?

— Kwenye chujio!

Nilicheka huku napangusa macho. Saa nne ilishapita.

Msusi aliyehamia juzi mtaa wa nyuma alikuwa anasubiri kikombe chake.

— Samahanini wenzangu. Nyie watatu mna simu mikononi. Kwa nini dada aandike peke yake?

Profesa akaisukuma nyundo kando.

Msusi akatoa simu yake. Kumi kwake, kumi kwa kila mmoja wao, moja moja. Mimi nikawasomea anwani na jina la kila mtoto. Profesa aliandika kwa kidole kimoja chenye gundi, akimsalimu kila mzazi kwa jina la mwanawe.

Saa tano na nusu simu yangu ikalia. Mwenye chumba.

— Waambie wapumzike! Nimepata thelathini na moja. Chumba ni chenu.

Benchi zima likasimama. Mwanangu akaamka, akapiga makofi bila kujua kwa nini.

— Mgeni njoo! akapaza sauti Profesa.

— Mwenyeji apone! tukaitikia, maana kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

Birika lilikuwa tupu. Kikombe cha mwisho alipewa msusi.